Neno "Haiwezekani" na Namba Zetu

Kuna neno moja ambalo sisi walimu wa hesabu tumelitumia vibaya kuliko neno jingine lolote, nami nikiwa mmoja wao. Neno hilo ni "haiwezekani". Tumelitamka mbele ya watoto wa darasa la pili kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kutaja jambo la haramu. Miaka michache baadaye tumerudi mbele ya watoto wale wale, bila soni, tukawafundisha kulifanya jambo lile lile tulilosema haliwezekani. Hatukuomba radhi wala hatukueleza. Tulifuta ubao, tukaandika kichwa kipya cha somo, tukaendelea.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu, na mojawapo ya kazi zangu ilikuwa kwenda shuleni kuwakagua wanachuo wakati wa mazoezi ya kufundisha. Siku moja nilikaa nyuma ya darasa la pili, fomu ya tathmini magotini, nikimsikiliza kijana mmoja akifundisha kutoa. Alikuwa kijana hodari. Andalio lake la somo lilipangika, zana zilikuwa mezani, na mwandiko wake ubaoni ulipendeza. Aliandika 5 − 3, watoto wakajibu mbili. Kisha akaandika 3 − 5, akauliza, "Na hii je?" Kabla hawajafikiri akajijibu mwenyewe: "Hii haiwezekani. Namba kubwa haitoki katika namba ndogo." Darasa zima likarudia maneno yale mara tatu, kama ilivyokuwa desturi.

Hapo binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona inawezekana? Mama akiwa na shilingi tatu, akachukua kitu cha shilingi tano, anaandikwa mbili." Wenzake wakacheka. Mwalimu akamwambia, "Kaa chini. Hapa tunasoma hesabu, hatuko dukani."

Ndugu msomaji, unajua nilichofanya? Nilimpa kijana yule alama za juu. Katika nafasi ya maoni niliandika kwamba anamudu vizuri nidhamu ya darasa. Nilikuwa nimemsikia mtoto wa miaka minane akizigundua namba hasi kwa akili yake mwenyewe, kutoka katika daftari la madeni la mwenye duka, na sikuona kitu. Sikuona kwa sababu nami nilifundishwa vile vile, na nikawafundisha wengine vile vile.

Hoja yangu ni nyepesi. Kila aina mpya ya namba duniani ilizaliwa na swali ambalo namba za zamani zilishindwa kulijibu. Anayemwambia mtoto "haiwezekani" mahali ambapo angesema "haiwezekani kwa namba tulizo nazo leo" anaua swali lile lile ambalo lingezaa somo la mwaka ujao. Kisha hushangaa somo la mwaka ujao linapokuja na kukuta mlango umefungwa.

Tuanze na namba za kuhesabia: moja, mbili, tatu na kuendelea. Kwa namba hizi unaweza kujumlisha na kuzidisha upendavyo, na jibu litakuwa humo humo. Lakini jaribu kugawa mikate mitatu kwa watu wanne. Namba za kuhesabia zinanyamaza. Je, watu walikufa njaa kwa sababu hiyo? La hasha. Walibuni sehemu. Hapa hapa Afrika, katika Misri ya kale, mwandishi aitwaye Ahmes alinakili yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo mafunjo ambayo leo yamehifadhiwa London, na maswali yake ya mwanzo yanahusu kuwagawia watu kumi mikate isiyotosha mmoja mmoja. Wamisri wale walipenda kuandika sehemu kwa kujumlisha sehemu zenye kiasi cha moja, isipokuwa theluthi mbili, ambayo waliipa alama yake. Walikuwa na njaa ya mkate na ya jibu pia, wakashiba vyote viwili.

Namba hasi zilichelewa sana. Mwaka 628 mwanahisabati wa Kihindi, Brahmagupta, aliandika kanuni za kujumlisha, kutoa na kuzidisha namba hizo, naye aliziita madeni, huku zile chanya akiziita mali. Tazama basi: mtaalamu mkubwa wa Bara Hindi na yule binti wa darasa la pili walipita njia moja, njia ya deni. Ulaya ilisitasita karne nyingi. Hata mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kizima cha kuzipinga namba hasi. Kama wasomi wale walipata tabu kiasi hicho, kwa nini tumwone mjinga mtoto anayesita, tena tumkemee yule asiyesita?

Halafu kuna namba zisizo wiano. Chora mraba ambao kila upande una urefu wa mita moja, kisha pima mstari unaotoka kona hadi kona. Fundi seremala atakwambia ni mita moja na sentimita 41, na vijisehemu kidogo. Ukimwuliza hasa ni sehemu gani, hakuna awezaye kumjibu, kwa sababu hakuna sehemu inayolingana nao. Hili si suala la futi mbovu. Linaweza kuthibitishwa kwa maneno machache. Tuseme ipo sehemu ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa 2, nasi tumeirahisisha hadi mwisho. Basi kiasi chake kikizidishwa kwa chenyewe ni sawa na mara mbili ya asili ikizidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo kiasi ni namba shufwa. Lakini namba shufwa ikizidishwa kwa yenyewe hugawanyika kwa nne, kwa hiyo asili nayo lazima iwe shufwa. Kiasi shufwa, asili shufwa: basi bado ilirahisishika, na sisi tulisema tumekwisha kuirahisisha. Dhana ile imejipinga yenyewe. Wayunani waliligundua jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, wala halihitaji zaidi ya ubao na chaki. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kulielewa. Mara ngapi ameelezwa? Anachoelezwa ni kwamba kipeuo cha pili cha 2 ni 1.414, jambo ambalo si kweli, kisha anaambiwa akariri kwamba namba hiyo "si wiano".

Hivyo namba za kuhesabia, sifuri, sehemu, namba hasi na namba zisizo wiano zikakusanyika pamoja zikawa namba halisi, na zote hukaa juu ya mstari mmoja, kila moja mahali pake. Anayeishi Newala ni mkazi wa Mkoa wa Mtwara, ni Mtanzania, na ni Mwafrika, vyote kwa wakati mmoja. Ndivyo ilivyo 3. Ni namba ya kuhesabia, ni namba kamili, ni namba wiano kwa kuwa ni 3 juu ya 1, na ni namba halisi. Haikuhama kijiji ilipopata uraia.

Sasa tazama shule inavyofanya. Sehemu ni mada. Desimali ni mada nyingine. Asilimia ni mada ya tatu, na kila moja ina kanuni zake za kukariri. Mtoto anatoka hapo akiamini kwamba nusu, 0.5 na asilimia 50 ni namba tatu zisizojuana, kumbe ni mtu mmoja aliyebadilisha kanzu. Desimali ni sehemu tu zenye asili ya 10, 100 au 1,000. Simon Stevin aliyezieneza huko Ulaya mwaka 1585 alitaka kurahisisha hesabu za wafanyabiashara na wapimaji, hakudai kuumba namba mpya. Lakini pale ambapo kweli pana kiumbe kipya, kama namba hasi au kipeuo cha pili cha 2, shule hupita mbio kana kwamba ni kanzu tu. Tumekuza vazi, tumesahau mtu.

Matokeo yake niliyaona kila mwaka kwa wanachuo wapya, vijana waliokuja kujifunza kuwafundisha wengine. Nilikuwa nikiwauliza maswali matatu. Ipi kubwa, 0.3 au 0.25? Wengi walisema 0.25, kwa kuwa 25 ni kubwa kuliko 3. Je, 3 ni sehemu? Walisema si sehemu, ni namba nzima. Kati ya 3 na 4 kuna namba ngapi? Walisema hakuna. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa wamelelewa katika nyumba ya vyumba vingi isiyo na milango ya kupitia, na katika kila chumba waliachiwa mazoea ya chumba cha kwanza. Katika chumba cha kwanza kila namba ina jirani yake. Kuzidisha hukuza na kugawanya hupunguza. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo yalikuwa mazoea, hayakuwa sheria. Kwamba nusu mara nusu ni robo, ambayo ni ndogo kuliko zote mbili.

La kusikitisha zaidi ni kwamba lugha yetu wenyewe ilikwisha kuyabeba haya yote kabla shule haijafunguliwa. Mtoto wa Kiswahili husema nusu, robo, theluthi na robo tatu akiwa jikoni. Anajua kwamba vibaba vinne hufanya pishi, hivyo kibaba ni robo pishi. Bibi yake aliita senti hamsini sumuni, na neno hilo asili yake ni thumni, yaani moja ya nane. Na kila siku, akiulizwa saa, husema "saa tatu kasorobo". Hebu lipime neno kasorobo. Msemaji amekwenda mpaka tatu kisha akarudi nyuma robo. Huo ni mwendo wa namba hasi juu ya mstari wa namba, tena hasi ya sehemu, na umo kinywani mwa mtoto asiyejua bado kusoma. Sisi tunamwambia aache hayo nje ya mlango, aingie darasani kusoma hesabu.

Kisha anafika kidato cha kwanza katika shule ya umma, na somo linageuka kuwa la Kiingereza. Sehemu alizozijua zinarudi na jina jipya, namba wiano zinaletwa kama wageni kutoka ng'ambo, naye anaandika maana zao daftarini kama anavyoandika majina ya mito ya Ulaya. Lakini jina letu linajieleza lenyewe: namba wiano ni namba inayotokana na uwiano wa namba kamili mbili, ilimradi ya chini isiwe sifuri. Mtoto anayejua uwiano wa mchanga na saruji amekwisha kuielewa. Sisemi Kiingereza kisifundishwe. Nasema mwalimu asiyechukua dakika tano kumwonyesha mtoto kwamba mgeni huyu ni yule yule jirani yake wa zamani anamwibia miaka saba aliyosoma. Hisabati imeburuta mkia miaka mingi katika mitihani ya kidato cha nne, nasi tumezoea kuulaumu ugumu wa somo.

Wapo watakaosema kwamba haya yalikwisha kujaribiwa. Ni kweli, lakini kwa namna gani? Mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, Kiingereza na Kimarekani walikutana Entebbe wakaanza kuandika vitabu vya hisabati za kisasa, na mawimbi yake yalitufikia sote Afrika Mashariki. Mimi ni zao la mawimbi hayo. Tulichora miduara ndani ya miduara: seti ya namba za kuhesabia ndani ya namba kamili, namba kamili ndani ya namba wiano, na zote ndani ya namba halisi. Mchoro ule ni wa kweli, wala sina ugomvi nao. Ubaya wake ni kwamba ulikuja kabla ya swali. Mtoto alionyeshwa ukoo mzima siku moja, babu na wajukuu wamesimama kwenye picha, bila kuambiwa nani alimzaa nani na kwa shida gani. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua seti lakini hawajui kutoa chenji. Kenya iliziacha hisabati hizo mwaka 1981, nasi pia tulirudi kwenye ya zamani. Kwa kurudi huko tukatupa mtoto pamoja na kamba ya mbeleko: ukoo tukausahau kabisa, tukabaki na vyumba.

Wengine watasema, "Mzee, unataka mtoto wa darasa la pili afundishwe namba hasi?" Sitaki. Nataka asidanganywe. Tofauti ya kumwambia "haiwezekani" na kumwambia "kwa namba tulizo nazo bado hatuwezi, siku moja utakutana na namba zinazoweza" ni sekunde sita. Yule kijana angeweza kumjibu binti: "Umesema vema. Mama amebakiwa na deni la mbili. Deni lina namba zake, utazisoma ukifika madarasa ya juu." Darasa lisingevurugika. Binti angekaa chini akijua kwamba amefikiri, na miaka minne baadaye namba hasi zingemkuta akizingoja.

Lakini sababu kubwa inayonifanya nilipiganie neno hili ni nyingine. Katika hesabu yako mambo ambayo kweli hayawezekani, na mtoto ana haki ya kuyatambua. Chukua 6 kugawanya kwa sifuri. Jibu lake lingekuwa namba ambayo ukiizidisha kwa sifuri unapata 6. Hakuna namba ya namna hiyo, kwa kuwa kila namba ikizidishwa kwa sifuri ni sifuri. Je, tusibuni nyingine mpya, kama tulivyobuni namba hasi? Hapa ndipo penye siri yote. Namba mpya hukaribishwa kwa sharti la mgeni: azifuate sheria za nyumba. Namba hasi zilizifuata. Tazama 3 mara hasi 2 ni hasi 6. 2 mara hasi 2 ni hasi 4. 1 mara hasi 2 ni hasi 2. Sifuri mara hasi 2 ni sifuri. Kila hatua jibu linapanda kwa mbili. Endelea hatua moja, hasi 1 mara hasi 2, jibu ni chanya 2. Kanuni ile inayowatesa wanafunzi haikutoka mbinguni. Ni sheria za zamani zikiheshimiwa na mgeni. Lakini jibu la kugawanya kwa sifuri, ukilikaribisha, linavunja sheria za nyumba na kukulazimisha ukubali kwamba moja ni sawa na mbili. Hata Brahmagupta alijikwaa hapo, akasema sifuri kwa sifuri ni sifuri.

Basi mwalimu aliyelitumia neno "haiwezekani" kwa 3 − 5, akalirudia kwa 3 kugawanya kwa 4, na tena kwa kipeuo cha pili cha hasi 1, ambacho nacho kina namba zake, namba changamano, ambazo wahandisi wa umeme huzitumia kila siku, atasema nini atakapofika kwenye sifuri? Atasema neno lile lile. Na mwanafunzi, aliyekwisha kuona "haiwezekani" tatu zikiwezekana, kwa nini aiamini ya nne? Njia ya mwongo ni fupi. Atakariri tu kwa ajili ya mtihani, na siku ile hisabati itakoma kuwa ukweli wa kuchunguzwa. Itakuwa amri ya mkubwa, inayobadilika kila mkubwa anapobadilika. Raia aliyefundishwa hivyo kwa miaka kumi na moja atazipokea vipi amri nyingine maishani mwake?

Kwa vijana mlioko vyuoni leo na mnaofundisha kwa mitaala mipya, sina vitabu vya kuwapa. Nina maombi mawili. La kwanza, kabla ya kuandika aina mpya ya namba ubaoni, andikeni kwanza swali ambalo namba za jana zimeshindwa kulijibu, mwaache watoto wahangaike nalo kidogo. La pili, lihifadhini neno "haiwezekani" kwa ajili ya mambo yasiyowezekana, na kila mnapolitamka mseme kwa nini.

Binti yule sasa ni mama mtu mzima, kama yu hai. Sikuuliza jina lake siku ile. Katika fomu niliyojaza palikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya wanafunzi waliohudhuria, nami niliijaza kwa usahihi, kwa namba za kuhesabia. Nafasi ya kuandika mwanafunzi alisema nini haikuwepo, na mimi, mkufunzi wa hisabati, sikuona kwamba ilikosekana.